Kipenga Kikishalia

Mwaka 2005 muhtasari wa shule za msingi ulituletea somo lililoitwa Haiba na Michezo. Nililipenda jina hilo tangu siku ya kwanza. Aliyeyaunganisha maneno hayo mawili alijua kwamba mtoto uwanjani hujifunza kushinda bila majivuno, kushindwa bila kinyongo, na kuuzuia ulimi wake anapochezewa rafu. Wataalamu wa Marekani, Salovey na Mayer mwaka 1990, na Goleman katika kitabu chake cha mwaka 1995, waliuita uwezo wa namna hii akili ya hisia.

Lakini jina zuri halifundishi. Somo lile halikuwa na karatasi katika mtihani wa kumaliza darasa la saba, na kisichotahiniwa humezwa na Hisabati. Katika shule nilizozitembelea Bukoba na Muleba, kipindi kilikuwamo kwenye ratiba, ila watoto walikuwa wakifanya majaribio ya mtihani au wakifyeka majani. Mpira ulitoka stoo UMITASHUMTA ilipokaribia, nao wakapewa wale wachache waliokwisha kuujua. Waliobaki wakawa washangiliaji.

Nami sijitoi katika lawama hii. Nilipokuwa mwalimu mkuu wilayani Muleba, mvulana wa darasa la sita alikosa penalti, tukatolewa katika mashindano ya kata. Kesho yake mstarini nilimwita mbele, nikasema ametuangusha. Shule nzima ikacheka. Hakulia. Alisema tu, "Nisamehe, Mwalimu." Tangu siku hiyo hakugusa mpira mpaka alipomaliza shule. Naam, asubuhi ile nilifundisha haiba, lakini kinyume chake: niliwafundisha watoto wote wale kwamba anayekosea achekwe.

Ningaliwaketisha chini ya mti kwa dakika kumi tu. Ningalimuuliza mpigaji moyo wake ulikuwaje alipousogelea mpira. Ningaliwauliza wenzake walimwambia nini njiani kurudi nyumbani, na kama wao wangependa kuambiwa hivyo. Kazi hiyo haihitaji fedha wala vifaa.

Mwaka 1968 katika Olimpiki ya Mexico, John Stephen Akhwari wetu alianguka katika marathoni akaumia goti. Aliumaliza mbio akiwa wa mwisho, mguu umefungwa bendeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Watanzania wangapi wanalikumbuka jina la mshindi yule? Akhwari tunamtaja hadi leo. Sasa taifa linalojivunia aliyefika wa mwisho lina sababu gani ya kumcheka mtoto aliyekosa penalti?

Somo lile halipo tena kwa jina lile, na mitaala itazidi kubadilika. Ombi langu kwa mwalimu kijana ni dogo: kipenga cha mwisho kikishalia, usiwatawanye watoto upesi. Hapo ndipo somo linapoanza.