BURE, WAZI AU HURIA? Hadithi Moja Yazipima Istilahi

Kuna programu za kompyuta ambazo mtumiaji ameruhusiwa kuzichunguza, kuzirekebisha na kuzigawa. Katika nyaraka na vitabu vyetu vya kufundishia, programu hizo huitwa na huyu "programu za bure", na yule "programu za chanzo wazi", na mwingine "programu huria". Katika makala haya twakusudia kuyapima majina hayo matatu, si kwa kamusi peke yake, bali kwa hadithi fupi ya Richard Stallman, "The Right to Read", iliyochapishwa mwaka 1997. Mtunzi huyo ni mtaalamu wa programu, naye ndiye aliyeutangaza mradi wa GNU mwaka 1983. Zaidi ya hayo, istilahi mbovu yaweza kujificha katika orodha, lakini katika hadithi hufichuka.

Dan Halbert ni mwanafunzi wa chuo. Mwenzake, Lissa Lenz, kompyuta yake imeharibika, naye asipopata ya kuazima hataimaliza kazi yake ya masomo. Kwao kila kitabu kimetiwa mlinzi wa hakimiliki, apelekaye habari za nani amesoma, lini na wapi. Kumwachia mwenzio asome vitabu vyako ni jinai. Hata chombo cha kutafutia kasoro za programu ni haramu, maana chaweza kutumika kumkwepa mlinzi huyo. Hatimaye Dan anampa Lissa kompyuta pamoja na neno lake la siri, ili akisoma, idhaniwe kuwa msomaji ni Dan.

Kama kazi ya sanaa, hadithi hii ina upungufu. Wahusika wake ni wembamba. Lissa hatumjui ila kwa shida yake. Msomaji wa "Kusadikika" ya Shaaban Robert (1951) ataitambua njia hii ya kutumia nchi ya kubuni kuihukumu nchi halisi. Lakini Karama huitetea hoja yake barazani kwa visa vya wajumbe, kimoja baada ya kingine, hali Stallman ana haraka ya kufikia fundisho. Kinachomwokoa ni udogo wa kisa chenyewe: mtu anaomba kuazima, na kuazima kumekuwa kosa.

Hapa mfasiri hana budi kuwa mwangalifu. Kiswahili hutofautisha kuazima na kukopa. Kilichoazimwa hurudi chenyewe. Kilichokopwa hurudi kwa thamani yake. Mfasiri akisema Lissa "alikopa" kompyuta, atakuwa ameingiza habari ya deni katika kisa cha ujirani, na msomaji hataona kwa nini sheria ile ni katili.

Na sasa tuyapime majina matatu.

(a) Bure. Neno hili lahusu bei tu. Chanzo cha kosa ni neno la Kiingereza "free", ambalo hubeba maana ya kutolipa na ya kutofungwa kwa pamoja. Ada zimo katika hadithi, lakini hata vitabu vyote vingegawiwa bila malipo, mlinzi angalibaki kitabuni na Dan angalibaki mashakani. Istilahi isiyogusa shida ya mhusika haifai.

(b) Wazi. Jina hili lafuata lile lililobuniwa Marekani mwaka 1998. Kilicho wazi huonekana. Bidhaa nyuma ya kioo cha duka nayo huonekana, wala mpita njia haruhusiwi kuigusa. Wabunifu wa jina lile walidai pia haki ya kurekebisha na kugawa, lakini neno "wazi" peke yake haliisemi haki hiyo.

(c) Huria. Neno hili latokana na shina moja na huru, nalo limekwisha zoeleka. Tunacho Chuo Kikuu Huria cha Tanzania: mlango wake ni mpana, lakini ada hulipwa na mitihani hufanywa, wala hakuna anayekiita chuo cha bure. Wako watakaosema kwamba neno limechafuliwa na "soko huria", ambako mwenye nguvu hujifanyia apendavyo. Hoja hiyo ina uzito. Lakini leseni ya GNU ya mwaka 1989 yamtaka mwenye kuigawa programu ampe apokeaye haki zilezile alizopewa yeye. Huria hiyo ina masharti, kama ulivyo uhuru wa raia chini ya sheria.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Watafsiri wake hawakuhitaji kungoja hisani ya mwenye mali. Leseni ilikwisha kuwapa haki. Mtumishi wa serikali aandikaye "programu ya bure" katika waraka wa ununuzi ataiona kama zawadi, na zawadi hupokewa kama ilivyo. Hataamka kuuliza kama yaweza kurekebishwa kwa lugha ya wananchi.

Kwa hiyo twapendekeza "programu huria", na "bure" libaki kwa bei. Walimu waanze na kisa cha Dan na Lissa kabla ya fasili. Mwanafunzi aliyekwisha kuona kuazima kukigeuzwa jinai hatauliza tena huria ni nini.