Kutubu, Kuokoka, Kuwezeshwa: Ushuhuda wa Wokovu kama Utanzu wa Fasihi Simulizi Katika Miji ya Busia na Malaba

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili wamekusanya ngano, vitendawili, methali na nyimbo za jando, na kazi hiyo ni ya kushukuriwa. Hata hivyo, upo usimulizi mmoja unaosikika kila juma katika Afrika ya Mashariki, wenye fanani, hadhira, kianzio na muundo wake, ambao wengi wetu tumeupita kando kana kwamba ni mali ya wachungaji peke yao. Usimulizi huo ni ushuhuda wa wokovu: masimulizi ya nafsi ya kwanza ambamo Mkristo husimama mbele ya wenzake akaeleza alivyokuwa, kilichompata, na alivyo sasa.

Makala haya yanakusudia kuuchunguza ushuhuda huo kama unavyosimuliwa katika miji ya Busia na Malaba, upande wa Kenya wa mpaka wa Uganda. Hatukusudii kupima iwapo wokovu wa fulani ni wa kweli au si wa kweli. Hilo ni jambo la imani, na mhakiki hana mizani yake. Swali letu ni la kifasihi. Msimulizi anapotangaza kwamba amebadilika na kwamba amepewa nguvu mpya, usimulizi wake huithibitisha vipi nguvu hiyo mbele ya hadhira? Tutatetea rai kwamba nguvu ya ushuhuda haimo katika ukubwa wa alichokipokea msimulizi, bali katika deni ambalo ushuhuda humwachia baada ya kuketi.

Neno lililovuka mpaka

Ushuhuda tunaouzungumzia una historia. Mwaka wa 1929, mjini Kampala, Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Gahini nchini Rwanda, walikutana wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Uamsho ulioenea kutoka Gahini na Uganda katika miaka ya 1930 ulikuwa umefika Kenya kabla ya muongo huo kwisha. Haukupokewa kwa furaha kila mahali. Mwaka wa 1941 wanafunzi kadhaa wa uchungaji, William Nagenda akiwa miongoni mwao, walifukuzwa katika chuo cha Mukono kwa sababu ya msimamo wao wa kiuamsho. Kanisa lilizoea mahubiri ya mtu mmoja aliyewekewa mikono. Uamsho ulimpa ruhusa ya kusema kila aliyekuwa na jambo la kuungama.

Waganda waliwaita watu hao balokole, yaani waliookoka. Kiswahili kikalichukua neno hilo, kikabadilisha kiambishi, na leo tunasema mlokole, walokole, ulokole. Jambo hili linastahili kutazamwa. Kiswahili hakikuwa na upungufu. Kilikuwa tayari na kitenzi okoka, kinachofanana na kile cha Kiganda hata asiye mwanaisimu hutambua undugu wao. Kwa nini basi tukaazima kwa jirani kitu tulichokuwa nacho nyumbani? Yamkini kwa sababu neno la nyumbani lilitaja tukio, ilhali neno la kuazima lilitaja aina ya mtu: namna yake ya kuvaa, kusalimu, kulipa madeni na kukataa pombe. Ndiyo maana mlokole hutamkwa kwa heshima na kwa dhihaka pia, kutegemea kinywa.

Katika miji yetu hii miwili neno kama hilo haliwezi kuonekana geni. Mwaka wa 1902 eneo ambalo leo ni magharibi ya Kenya lilihamishwa na Waingereza kutoka Uganda na kutiwa katika himaya ya Afrika ya Mashariki. Watu walibadilishiwa utawala bila kuhama, na Wateso na Wasamia hadi leo wana jamaa pande zote mbili. Hapa ndipo yalipozaliwa maneno boda boda, pale waendesha baiskeli walipowabeba wasafiri kutoka kizuizi kimoja hadi kingine. Msikilizaji wa Busia basi anajua mambo mawili kuhusu mpaka. Kwanza, mtu anaweza kuwa mwingine katika daftari la serikali huku akibaki yule yule nyumbani kwake. Pili, anayevuka asubuhi huenda akarudi jioni. Msimulizi anayetangaza mbele ya hadhira ya namna hii kwamba amevuka kutoka gizani kwenda nuruni hana budi kutoa hoja zaidi ya tangazo.

Vitenzi vitatu

Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, aliweka mazungumzo, kama vile hotuba na soga, mbali na masimulizi. Ushuhuda unakaa katikati ya tanzu hizo mbili: una visa na mpangilio wa masimulizi, lakini husemwa kwa wasikilizaji wanaoruhusiwa kuitikia, na kesho yake kuuliza.

Kianzio chake ni "Bwana asifiwe", nayo hadhira hujibu "Amina". Kazi yake ni ile ile ya paukwa na pakawa: kuifunga hadhira na fanani katika mapatano. Lakini mapatano yenyewe yanatofautiana. Anayeitikia pakawa amekubali kusikia uongo mtamu. Anayeitikia amina amekubali kuwa shahidi. Ukweli wa Sungura hauulizwi. Ukweli wa mwenye ushuhuda huulizwa na kila aliyemwona sokoni siku ya soko.

Katikati, usimulizi hujengwa juu ya vitenzi vitatu ambavyo sarufi yake ni muhimu kuliko tunavyodhani. Kutubu ni kauli ya kutenda: mtu hutubu mwenyewe, hatubiwi. Kuokoka ni kauli ya kutendeka. Tukisema kikombe kimevunjika, hatujasema nani alikivunja, na kila mtoto aliyewahi kuvunja kikombe anaijua faida ya kauli hiyo. Vivyo hivyo, anayesema nimeokoka hajamtaja mwokoaji. Habari zote zinazotangulia zinahitajika ili zimtaje. Kitenzi cha tatu, kuwezeshwa, ni cha kutendeshwa: nguvu imetoka kwa mwingine, lakini kazi itafanywa na aliyewezeshwa. Njia nzima ya mabadiliko ya kiroho imo katika kauli hizo tatu. Mtu hutenda, hutendekewa, kisha hutumwa kutenda tena. Ushuhuda ukiishia kwenye kitenzi cha pili umekatika njiani.

Njeo nazo husema. Maovu husimuliwa kwa -li- na -ka-: nilikuwa nikinywa, nikauza, nikampiga. Wokovu husemwa kwa -me-, njeo inayodai kwamba jambo lililotokea lingali na athari hivi sasa. Siku fanani anapoanza kusema niliokoka mwaka fulani, akaishia hapo, wasikilizaji wazoefu huhisi pengo. Wokovu umehamishwa na kuwekwa pamoja na mambo yaliyopita. Kimalizio kinaafiki hoja hii. Ngano hufungwa kwa kutangaza kwamba hadithi imekwisha. Ushuhuda aghalabu hufungwa kwa ombi: mniombee. Anayeomba kuombewa anakiri kwamba kisa hakijafika mwisho.

Gorogoro la shangazi

Naomba ruhusa ya kutoa mfano kutoka nyumbani, kwa kuwa ndio uliontia katika utafiti huu. Shangazi yangu aliuza mahindi na maharagwe sokoni Busia, na nafaka nyingi ilivushwa kutoka Uganda kwa baiskeli. Kipimo kilikuwa gorogoro, kopo la mafuta ya kupikia la kilo 2. Kitako cha kopo kikigongwa kwa chini hata kikabonyea kuingia ndani, kopo huonekana limejaa na kumbe limepunguka. Aliyeligonga gorogoro la shangazi kwa jiwe, kwa kuagizwa naye, ni mimi. Nilikuwa na umri wa miaka tisa.

Shangazi aliokoka, na katika ushirika akasimama akalitaja kopo. Hakusema kwa jumla kwamba alikuwa mwenye dhambi. Alisema kwamba kitako cha gorogoro lake kilikuwa kimebonyea, na wateja wake watatu walikuwa wameketi pale. Juma lililofuata alinunua kopo jipya. Wateja wa miaka yote hiyo hakuweza kuwapata, hivyo kwa msimu mzima aliongeza konzi moja juu ya kila kipimo, awe mteja wa zamani au mgeni. Faida ilimpungua, na wauzaji wenzake wakamcheka, wengine wakamkasirikia kwa kuwa ungamo lake liliyatia mashaka makopo yao pia. Kila aliposhuhudia tena, alitaja aliyekwisha kumrudishia na ambaye bado. Mimi niliketi nyuma nikiogopa kwamba siku moja atataja jina langu. Hakulitaja kamwe.

Kwa mizani ya fani, huo ulikuwa ushuhuda bora. Undani wa kitu kimoja, kopo, uliubeba uzito wote wa dhamira. Hadhira ilikuwa na uwezo wa kuhakiki kila neno. Na kitenzi cha tatu kilikamilika. Aliwezeshwa nini? Aliwezeshwa kupata hasara bila kulalamika. Nguvu ya namna hiyo haionekani kirahisi, lakini mwanamke asiyekuwa na cheo alisimama mbele ya wazee na wateja akajisema mwenyewe kabla hajasemwa, na tangu siku hiyo hapakuwa na wa kumtisha kwa siri yake.

Wezi walioshuhudia na mtoza ushuru aliyerudisha

Fasihi andishi imeutambua utanzu huu mapema kuliko wahakiki. Katika Shetani Msalabani, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o iliyotoka mwaka wa 1982, wezi na wanyang'anyi hukutana pangoni Ilmorog na kila mmoja husimama kueleza alivyoiba na alivyotajirika. Ni ushuhuda uliopinduliwa. Kianzio kipo, nafsi ya kwanza ipo, maovu yametajwa waziwazi. Kinachokosekana ni aibu na marejesho. Dhambi imegeuzwa kuwa sifa ya kuombea tuzo. Kejeli ya Ngũgĩ hufaulu kwa sababu msomaji wake anaijua fani ya ushuhuda na huhisi mahali ilipovunjwa.

Mfano wa upande wa pili ni Zakayo wa Injili ya Luka, mkubwa wa watoza ushuru wa Yeriko. Kwa wakazi wa miji ya forodha huyo ni jirani. Wakenya walilitumia jina lake kwa dhihaka katika mijadala ya kodi ya mwaka 2023 na 2024, lakini dhihaka ilichukua nusu ya kwanza tu ya kisa. Katika nusu ya pili Zakayo huahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake na kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Kupanda mti ni mwanzo wa kisa. Marejesho ndiyo kilele chake.

Ushuhuda wa kupokea

Katika mikutano ya siku hizi, Malaba kando ya foleni ya malori na Busia karibu na kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa rasmi mwezi wa Februari 2018, tumesikia ushuhuda wa mwelekeo mwingine. Msimulizi alikuwa hana kazi, akaombewa, akapata. Alikuwa hana gari, akapanda mbegu, akapata. Makofi ni mengi. Kifani, mgogoro umehama: zamani ulikuwa kati ya msimulizi na dhambi yake, sasa ni kati ya msimulizi na adui zake au umaskini wake. Kitenzi kinachotawala ni kupokea, na wasikilizaji hawakumbushwi mtu yeyote anayedaiwa.

Hatupendi kuubeza ushuhuda huo. Mjane aliyeambiwa maisha yake yote kwamba hawezi, akiambiwa anaweza, amepata kitu. Umaskini si wema, na kuutoka si dhambi. Tena ushuhuda wa kale nao ulikuwa na madhara yake: uliweza kukaririwa kama wimbo, uliwalazimisha wengine kuungama wasichokitenda ili wakubalike, na mara nyingine uliwafichua watu wasiokuwamo kikaoni. Ungamo linalomtaja mwingine bila ruhusa yake ni umbeya uliovaa kanzu.

Pamoja na hayo, tofauti ya kifasihi inabaki. Ushuhuda wa kupokea humalizika siku ya kupokea. Ili msimulizi apate la kusema juma lijalo, ni lazima apokee tena, tena kikubwa zaidi. Asipopokea hunyamaza, na wengi walionyamaza hatuwaoni tena. Ushuhuda wa kurudisha humwachia msimulizi kazi hata katika mwaka wa njaa, kwa kuwa hata asiye na kitu ana mtu wa kumwomba radhi.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba ushuhuda wa wokovu ni utanzu kamili wenye kianzio, sarufi, muundo na kimalizio vyake, na kwamba dai lake la mabadiliko hupimwa ndani ya fani yenyewe: je, kitenzi cha tatu kimefikiwa, na kimemtuma msimulizi wapi? Tunawahimiza watafiti wa fasihi simulizi waende kuurekodi, kwa idhini ya wasimulizi, kabla kizazi cha walokole wa kale hakijatoweka.

Nami nina deni katika makala haya. Shangazi alifariki bila kulitaja jina langu, na wateja wale watatu nao wamekwisha kufariki. Mkono ulioshika jiwe ulikuwa wangu. Nimelisema hapa kwa kuwa mhakiki anayedai kwamba ushuhuda hupimwa kwa marejesho hawezi kuketi nyuma akapima ya wenziwe peke yake.