Vitamini C ya kwenye lebo na ile iliyomo ndani ya pakiti

Kiasi cha vitamini C kinachoandikwa kwenye pakiti ya juisi kinaweza kuhakikiwa kwa vifaa vya maabara ya sekondari. Mwaka 2004 wasichana wawili wa miaka 14, wanafunzi wa Pakuranga College mjini Auckland, New Zealand, walipima juisi kadhaa wakitarajia kuona za bei nafuu zikizidiwa na za bei ghali. Mambo yakawa kinyume. Kinywaji cha Ribena kilicho tayari kunywewa, ambacho lebo yake ilitaja miligramu 7 kwa kila mililita 100, kilikuwa na vitamini C kidogo mno. Juisi nyingine ya kawaida ilikipita kwa karibu mara nne.

Njia iliyozoeleka katika maabara za shule ni ya ayodini. Mililita 20 za juisi hutiwa kwenye chupa pamoja na matone machache ya maji ya wanga, kisha ayodini yenye ukolezi unaojulikana hudondoshwa kutoka kwenye bureti huku chupa ikitikiswa. Vitamini C hugeuza ayodini kuwa kitu kisicho na rangi. Vitamini ikishamalizika, ayodini inayofuata hukutana na wanga, na rangi ya buluu iliyokoza hutokea isifutike. Hapo bureti hufungwa na kusomwa. Kwa ayodini ya mole 0.005 kwa lita, kila mililita iliyotumika ni sawa na miligramu 0.88 za vitamini C. Kinywaji chenye miligramu 7 kwa mililita 100 kingetumia takriban mililita 1.6, kiasi kidogo ambacho hata matone mawili ya ziada yanakivuruga; ndiyo maana kipimo hurudiwa hadi majibu yakaribiane.

Njia hii ina pingamizi zake. Ribena hutengenezwa kwa blakikaranti, beri zenye rangi ya zambarau iliyokolea inayoweza kuificha buluu ya wanga, hivyo juisi huzimuliwa kwa maji kwanza. Tena ayodini haichagui: vihifadhi vya salfaiti, na hata baadhi ya viambata vya rangi ya tunda, huitumia vilevile. Lakini kasoro hiyo hupandisha jibu, haiteremshi. Anayepata vitamini nyingi ndiye mwenye sababu ya kushuku kipimo chake. Aliyepata kidogo hawezi kupingwa kwa hoja hiyo. Pingamizi lenye uzito ni jingine: vitamini C iliyokwisha kupokonywa elektroni na oksijeni bado huufaa mwili kwa muda, ila ayodini haiioni. Kulimaliza suala hilo kunahitaji kromatografia, ambayo hutenganisha viambata kimoja kimoja kabla ya kuvipima.

Wasichana hao hawakuridhishwa na majibu ya kampuni iliyokuwa ikitengeneza Ribena, na baada ya kukiendea kipindi cha televisheni cha Fair Go, suala likafika kwa Tume ya Biashara ya New Zealand. Vipimo vya Tume havikukuta vitamini C inayoweza kutambulika katika kinywaji hicho. Machi 2007 kampuni hiyo, GlaxoSmithKline, ilikiri makosa 15 mbele ya mahakama ya Auckland na kutozwa faini ya dola 217,500 za nchi hiyo.

Tangazo la Ribena lililodai kwamba blakikaranti zina vitamini C mara nne ya machungwa halikuwa mbali sana na ukweli wa tunda lenyewe: gramu 100 za beri hizo mbichi zina takriban miligramu 180, na za chungwa zaidi kidogo ya 50. Ujanja ulikuwa katika kumwachia mnunuzi ahamishe sifa ya tunda hadi kwenye kinywaji. Kati ya viwili hivyo kuna kuzimua, joto la kuua vijidudu na miezi ya kukaa dukani. Mla vitamini mkuu ni oksijeni. Miligramu 1 yake inaweza kuharibu hadi miligramu 11 za vitamini C, kwa hiyo mililita 1 tu ya hewa iliyobaki juu ya juisi inatosha kuondoa zaidi ya miligramu 3. Chupa za plastiki hupitisha oksijeni polepole, na jua huharakisha kazi hiyo.

Kwa sababu hiyo kipimo kilichofanywa siku ya kufunga pakiti hakithibitishi lebo. Namba iliyoandikwa inapaswa kushikilia hadi tarehe ya mwisho wa matumizi, na watengenezaji makini huongeza vitamini ya akiba ili ipungue bila kushuka chini ya kilichotajwa. Marekani hudai vitamini iliyoongezwa isipungue asilimia 100 ya kilichotajwa, na ile ya asili asilimia 80. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa 2012 huruhusu vitamini ishuke kwa asilimia 35 au izidi kwa 50, na kwa vitamini C ya vinywaji ziada kubwa zaidi inakubalika. Pakiti iliyotoka kiwandani juzi, ikiwa imetengenezwa vyema, ikipimwa itakutwa na vitamini nyingi kuliko lebo inavyosema.