Paa Linaloota Kilimani

Usanifu wa mandhari, yaani sanaa ya kupanga miti, majani na njia kuzunguka jengo, mara nyingi huachwa hadi mjenzi amekwisha kuondoka. Katika kilima cha Kasubi, Kampala, mafundi wa Buganda waliufanya kuwa sehemu ya ujenzi wenyewe. Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu iliyojengwa mwaka 1882 kuwa kasri la Kabaka (mfalme wa Buganda) Mutesa wa Kwanza na kugeuzwa kaburi lake mwaka 1884, sasa ni makazi ya mwisho ya makabaka wanne, na eneo lake la karibu hekta 30, lililoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, bado kwa sehemu kubwa ni mashamba yanayolimwa kwa njia za jadi.

Kuezeka nyumba hiyo ni kazi ya ukoo wa Ngeye, yaani mbega, na pete 52 zilizo chini ya paa huwakilisha koo za Buganda. Paa la nyasi halikusudiwi kushindana na bati kwa umri, kwa maana hutunzwa kwa kubadilishwa, hivyo ufundi huo hauwezi kuishi pasipo mahali pa kuoteshea nyasi.

Sifa kubwa zaidi, hata hivyo, inawastahili watengenezaji wa olubugo, nguo ya gome inayofunika nguzo za nyumba na kuficha makaburi. Wakati wa mvua fundi huchanja shina la omutuba, mti wa jamii ya mkuyu, juu na chini, akalibandua gome la ndani polepole, kisha akalifunga shina kwa majani ya mgomba mithili ya kidonda, ili unyevu usipotee na gome jipya liote. Gome lililotolewa hupondwa bandani kwa nyundo za mti hadi lilainike, likapata rangi ya udongo mwekundu. Mti haukatwi, huendelea kuwa ua na kivuli cha kahawa, na mgomba uliopandwa kando yake ni kifaa cha kazi kabla ya kuwa pambo.

Moto wa tarehe 16 Machi 2010 uliiteketeza nyumba kuu, na Kasubi haikutoka katika orodha ya urithi ulio hatarini hadi mwaka 2023. Katika kuijenga upya, paa lilijadiliwa sana (na ilistahili), ilhali shamba linalolilisha lilistahili mjadala uleule.

Somo hilo linafaa hata nje ya Kasubi. Makumbusho ya Uganda, yaliyoanzishwa mwaka 1908 na kuhamia mwaka 1954 katika jengo lililobuniwa na msanifu Ernst May huko Kitante, Kampala, yana kijiji cha nyumba za jadi nyuma yake. Wanaopanga bustani ya mahali kama hapo na wawaite waezekaji na wapondaji wa magome kabla ya kuchora ramani, na miche ya omutuba ipewe nafasi kabla ya maua ya kununuliwa.