Magoti ya Paul McGrath

Mabeki hawaimbwi. Kwenye chandimu kila mtoto anataka kufunga. Anayesukumwa nyuma ni asiyejua mpira, au mwenye mwili mkubwa kuliko wenzake. Watu wazima nao hawana tofauti kubwa, tazama tu jezi zinazonunuliwa. Basi nikitaka kuusifu ufundi wa beki wa kati, siendi kwa waliojaliwa kila kitu. Namchukua Paul McGrath, Mwairishi ambaye magoti yake yalikuwa yamekwisha kabla hajafika miaka 30, na ambaye soka lake bora lilianzia hapo.

Alizaliwa London mwaka 1959, mama Mwairishi na baba Mnigeria, akalelewa katika vituo vya watoto mjini Dublin. Alikuwa na miaka 22 Manchester United walipomtoa St Patrick's Athletic mwaka 1982 kwa pauni 30,000. Uwezo ulionekana mapema. Katika fainali ya Kombe la FA ya 1985 dhidi ya Everton, beki mwenzake Kevin Moran alitolewa nje. United wakabaki kumi, wakavumilia hadi muda wa nyongeza, wakashinda 1-0. Ila goti lilikuwa likipasuliwa, likipona, likipasuliwa tena, na pombe, ambayo ameieleza waziwazi katika kitabu cha maisha yake cha 2006, haikumsaidia. Kufikia 1989 klabu ilimtaka astaafu kwa kiinua mgongo. Akakataa. Graham Taylor akamchukua Aston Villa kwa chini ya nusu milioni ya pauni.

Kule Villa hakufanya mazoezi kama wenzake. Jim Walker, mtaalamu wa viungo wa klabu, alielewa kwamba goti lile lina dakika zake za kutumika kwa wiki, na kwamba kuzimaliza Jumanne ni upuuzi. Wenzake wakikimbia uwanjani, McGrath alikaa kwenye baiskeli ya mazoezi. Jumamosi akavaa jezi akacheza. Wachezaji wengine wangenung'unika kuona upendeleo wa namna hiyo. Sijui ni timu gani ingelalamika, ilhali mwenye kupendelewa ndiye anayewaokoa. Villa walimaliza wa pili mwaka 1990, wakawa wa pili tena 1993, msimu wa kwanza wa Ligi Kuu kwa sura yake mpya. Mwaka huo McGrath, akiwa na miaka 33, alipigiwa kura na wachezaji wenzake kuwa mchezaji bora wa Uingereza. Miongoni mwa wapiga kura walikuwemo washambuliaji aliokuwa akiwanyima usingizi.

Alifanyaje? Beki mwenye kasi anaweza kukosea hatua mbili akazirudisha kwa mbio. McGrath hakuwa na mbio za kurudishia, kwa hiyo kazi yake ilibidi ifanyike kabla pasi haijapigwa. Alisimama kiubavu, mguu mmoja nyuma ya mwingine, kwa sababu aliyesimama kifua mbele lazima ageuke mpira ukipita, na kugeuka ndiko kunakotafuna goti. Hakumkodolea macho straika peke yake. Alimsoma kiungo mwenye mpira: nyonga zake zimefunguka upande gani, kichwa amekiinua au amekiinamisha, mguu wa kupigia uko karibu na mpira au umeachwa mbali. Kiungo aliyeinamisha kichwa hawezi kutoa pasi ndefu sasa hivi, hivyo beki ana nafasi ya kusogea mbele hatua mbili. Akiinua kichwa, rudi mbili. Ni hatua hizo tu, dakika 90, na mtazamaji aliyeko jukwaani huona kama mpira unamfuata mtu mvivu.

Mashabiki hupenda beki anayeteleza chini na kuufagia mpira pamoja na mtu. Mimi mwenyewe husimama kwenye kiti. Lakini mara nyingi aliyelala chini alichelewa, na McGrath alijitahidi kubaki wima.

Asiyeamini na aitafute mechi ya 18 Juni 1994, Giants Stadium, karibu na New York, Ireland na Italia, Kombe la Dunia, joto kali. Ray Houghton wa Ireland alifunga dakika ya 11. Zikabaki dakika zaidi ya 70 za kulilinda bao moja mbele ya Roberto Baggio wa Italia, na McGrath, mwenye miaka 34, alikuwa na bega la kushoto linalouma kiasi cha kushindwa kuutumia mkono vizuri. Beki huutumia mkono kuliko tunavyodhani: humpapasa mshambuliaji ajue alipo bila kumtazama, hujisukumia juu wakati wa kuruka. Yeye aliruka bila msaada huo. Alitangulia kwenye krosi, akatia mguu, na shuti moja akalizuia kwa uso. Italia, waliokuja kufika fainali, waliondoka bila bao.

Villa walimtumia zaidi ya mara 300. Mwaka 1996 alihamia Derby County, kisha Sheffield United, akaacha mwaka 1998. Kwa mshambuliaji, kuhama ni kubadili jezi. Goli ni lile lile. Beki wa kati huhama na kuanza upya na majirani. Kipa huyu anatoka kuidaka krosi au anaganda kwenye mstari? Beki wa kushoto akipanda, anarudi? Nani anapiga kelele ya kupandisha mstari wa kuotea? Huko Villa majibu alikuwa nayo kichwani. Derby alikwenda akikaribia miaka 37, magoti yakiwa yamepitia visu visivyopungua vinane katika maisha yake ya soka, akaanza kuuliza maswali hayo upya kwa watu ambao baadhi yao walikuwa shuleni alipocheza fainali ya 1985.