Chimbuko linapokuja nyuma ya hadithi

Likizo ya Desemba iliyopita nilikuwa Kitale kwa binti yangu. Mjukuu wangu wa miaka kumi akaniomba tutazame filamu ya The Lion King, ile ya kale ya 1994. Tulipofika pale Scar anapomtupa Mufasa bondeni, katikati ya nyumbu wanaotimua mbio, nilimtupia mtoto jicho nikidhani atalia jinsi mamake alivyolia zamani. Wapi! Akaniambia kwa utulivu, “Kuka, lakini hao si ndugu wa kweli. Mufasa aliokotwa tu.”

Nilishangaa, maana filamu tuliyokuwa tukiitazama haisemi hivyo popote. Kumbe mwenzangu alikuwa ameanza na Mufasa, filamu ya Barry Jenkins iliyotoka Desemba 2024. Humo Mufasa ni mwanasimba aliyesombwa na mafuriko, akapokelewa katika ukoo wa Taka, na huyo Taka ndiye anayekuja kuwa Scar.

Wapo wanaoziita filamu za namna hii filamu tangulizi. Istilahi hiyo inanitatiza. Mtangulizi ni aliyekwenda mbele, ilhali filamu hizi huzaliwa nyuma kisha zikadai umri mkubwa. Mimi naona afadhali tuziite filamu za chimbuko. Kazi ya chimbuko haibadilishi hata picha moja ya kazi ya awali. Inachobadilisha ni swali analokuja nalo mtazamaji. Mwaka 1994 tuliuliza, “Scar atafanya nini?” Mjukuu wangu anauliza, “Alianzaje kuwa hivyo?”

Swali hilo la pili lina faida yake, kwani hutufunza kumhurumia mkosaji. Lakini lina gharama. Waliomjua Darth Vader kwanza akiwa mtoto, katika filamu ya Star Wars ya 1999, hawawezi tena kupata mshtuko wa watazamaji wa 1980 alipofichua kwamba yeye ndiye baba yake Luke. Na katika Mufasa, sisi Waswahili tuna hasara ya ziada. Filamu inajitahidi kutushawishi kwamba Scar hakuzaliwa mwovu, kisha inampa jina la Taka! Huenda mtazamaji wa Chicago akalisikia kama jina tu. Sikio letu linasikia jaa, au tukimwonea huruma, linasikia tamaa ya mwenye kutaka. Hukumu imesomwa kabla ya kosa kutendwa.

Tusidhani haya ni mambo ya Marekani peke yake. Hapa kwetu tunaye marehemu Profesa Ken Walibora, mzaliwa wa Bungoma aliyekulia Trans Nzoia. Mwaka 1996 alitupa Siku Njema, riwaya ambayo vizazi vya wanafunzi wameisoma. Takriban miongo miwili baadaye akatoa Nasikia Sauti ya Mama, tawasifu inayorudi kwenye utoto wake. Tawasifu si riwaya ya chimbuko, nakubali. Hata hivyo, kwa msomaji inafanya kazi ile ile: imechapishwa baadaye, inasimulia ya awali, na ukiisha kuisoma hurudi kwenye kitabu cha kwanza ukiwa mtu mwingine.

Nami nina la kuungama. Kwa miaka mingi nimeifundisha Siku Njema kama riwaya ya kumtafuta baba. Ndivyo msuko unavyotwelekeza: Kongowea Mswahili anatoka Tanga, anavuka mpaka na kusafiri hadi Kitale akimtafuta Juma Mukosi. Mama yake, Zainabu Makame, nilimpitia haraka kana kwamba kazi yake ni kufa ili safari ianze. Kumbe nilikuwa kiziwi. Zainabu ni mwimbaji wa taarabu, na riwaya hiyo ya mwana anayemsaka baba inabebwa tangu mwanzo na sauti ya mama. Haya yote yalikuwemo kurasani tangu 1996. Jina tu la kile kitabu cha pili ndilo lililonizibua masikio.

Hiyo ndiyo kazi ya chimbuko zuri: humrudisha msomaji akasikie kilichokuwapo. Chimbuko baya humletea kisichokuwapo, kikakaa juu ya kilichopo. Na hata lililo zuri tunaweza kulitumia vibaya. Tangu Walibora atutoke Aprili 2020, nakutana na wanafunzi wanaoshikilia kwamba Kongowea ndiye Walibora, basi, mjadala umekwisha. La hasha! Mtoto aliyekulia nchi ya mahindi hakuzaliwa Tanga na mwimbaji wa taarabu. Tanga ile aliibuni, akaiumba kwa maneno hadi tukaamini tunasikia ngoma zake. Tukisema alikuwa akijisimulia tu, tunampokonya marehemu sifa anayostahili zaidi, ya ubunifu, tena tukidhani tunamuenzi.

Ushauri wangu kwa walimu basi ni mwepesi. Wanafunzi waanze na Siku Njema, wasumbuke nayo, wabishane kuhusu mapengo yake. Tawasifu ije baadaye, kisha warudi kwenye riwaya mara ya pili. Anayeanza na majibu hakosi kufaulu mtihani, ila maswali hatayajua.

Na yule mjukuu? Nilisimamisha filamu nikamuuliza, “Kwani mtu mliyelelewa naye nyumba moja, mkala sahani moja, si ndugu yako?” Alinyamaza kitambo. Kwao wanaishi na binamu aliyefiwa na wazazi, na wawili hao hulala chumba kimoja.

“Basi Scar ni mbaya hata kuliko nilivyofikiria,” akasema.

Akaniomba turudishe nyuma, tuanze pale bondeni tena. Safari hii alilia.