Mashine Inayolalamika

Kompyuta ya mezani ikigoma kuwaka, wengi humpelekea fundi ugonjwa badala ya dalili: "Mazabodi imekufa, kaka." Fundi mwenye kazi yake huitikia tu, kisha akaanza kuuliza. Umeme ulikatika? Taa ya mbele inawaka? Ilihamishwa juzijuzi? Maswali hayo ni ya bure, na mara nyingine kazi huishia hapohapo, kwenye swichi ya nyuma iliyoguswa na mfagizi.

Ikibidi kufungua, huanza na pawasaplai. Plagi yake kubwa ya matundu 24 huchomolewa. Waya wa kijani ukiunganishwa na mweusi, pawasaplai huwaka yenyewe bila mazabodi. Feni ikizunguka, mteja hufurahi. Fundi bado. Feni huzunguka hata umeme ukiwa umepungua, kwa hiyo huchukua mita akapima waya wa njano: ziwe volti 12, na zikishuka chini ya 11.4 pawasaplai hiyo haiaminiki. Nawaheshimu sana watu wasiotosheka na feni.

Hatua ninayoipenda kuliko zote ni ya kuvua. Kadi ya picha inatoka, diski zinatoka, ramu zote zinatoka. Vinabaki mazabodi, prosesa na feni yake, pawasaplai, na spika ndogo kama kifungo cha shati. Fundi hugusisha pini mbili za kuwashia kwa ncha ya bisibisi, akasubiri. Mashine ikipiga milio, asiyejua hudhani mambo yameharibika zaidi, fundi anatabasamu. Ili ilalamike kwamba haina ramu, lazima prosesa iwe hai, isome maagizo ya chipu ya bayosi, itafute ramu, iikose, kisha iiamuru spika ilie. Malalamiko hayo yamewaondolea tuhuma wengi kwa mpigo mmoja. Ikinyamaza, ndipo macho huhamia kwenye kapasita zilizovimba na pini za soketi zilizopinda.

Ramu hurudi mojamoja, meno yake yakisuguliwa kwa raba ya shule, maana hewa yetu ya Pwani huacha utando kila mahali. Zima, ingiza kitu kimoja, washa. Kuitazama kazi hiyo kunachosha, na wapo wanaobadilisha vitu vitatu kwa pamoja, mashine ikawaka, wakatoza vitatu bila kujua kipi kilikuwa kibovu. Fundi ninayemsifu humkabidhi mteja spea ileile iliyokufa, akaipimishe kwa mwingine akitaka.